Mkaa Ulisingiziwa: Kisa cha Jiko la Nusu Pipa

Mume wa dada yangu anachoma kuku na mishikaki kando ya barabara huko Temeke, Dar es Salaam. Jumamosi moja ya Julai nilikwenda kuwasalimia. Kabla sijakaa akanivuta hadi kwenye gunia la mkaa, akalifungua mdomo, akasema, "Shemeji, wewe ni mtu wa vyuma na moto. Hebu niambie, huu ni mkaa au takataka?"

Nikachukua vipande viwili, nikavigonganisha. Vikalia kama vigae. Mkaa ulioiva hulia hivyo. Ambao haujaiva sauti yake ni butu, na ukiuwasha unakufukiza moshi machoni. Nikakivunja kimoja: ndani cheusi kinachometa, hakuna hata doa la kahawia. Nikamwambia mkaa mbona mzuri. Akanitazama kana kwamba muuzaji amenihonga.

Malalamiko yake yalikuwa haya. Jiko linachelewa kushika; saa kumi na mbili jioni wateja wameshasimama na mkaa bado mweusi. Likishashika, linachoma kwenye ncha zake mbili huku katikati limelala. Kuku akiwekwa katikati anakauka ngozi na pajani bado damu. Akisogezwa kwenye ncha anaungua. Kijana wa kupepea anapepea mpaka anabadilisha mikono. Na mkaa unakwisha upesi ajabu. Kwa sababu hiyo alikuwa ameshamfukuza muuzaji wake wa siku nyingi, mzee mmoja anayeleta magunia kwa pikipiki kutoka njia ya Kisarawe. Akahamia kwa wa pili, naye akamshutumu kwamba anachanganya mkaa mwepesi wa mikorosho. Sasa alikuwa kwa wa tatu, na huyu naye siku zake zilikuwa zinahesabika.

Dada ndiye aliyenipa uzi wa kwanza, wala hakujua kwamba ananipa. Alikuwa amekaa kwenye kigoda anawapaka kuku ndimu na tangawizi. Bila kuinua macho akasema, "Mbona mwanzo wa mwezi huwa linawaka tu vizuri."

"Mwanzo wa mwezi ndio nabadilisha mkaa," shemeji akajibu.

Nikaomba daftari.

Dada anaandika kila kitu: kuku wangapi, kodi ya eneo, mafuta, chumvi, nauli ya kijana, na kila gunia limefunguliwa lini. Nikakaa na lile daftari nusu saa. Gunia la kwanza la mwezi lilikaa usiku sita. Lililofuata sita, au tano. Kufika wiki ya tatu gunia la ukubwa uleule lilikaa usiku nne, na mara moja halikufika hata nne. Ilikuwa hivyo kwa mzee wa Kisarawe miezi miwili mfululizo, na ikawa hivyohivyo kwa yule wa pili. Wauzaji wawili wasiojuana, mmoja anatoa mkaa upande huu, mwingine upande ule, na mkaa wao wote unaharibika wiki ya tatu? Mkaa hauna kalenda.

Nikawauliza, mwisho wa mwezi mnafanya nini kingine? Wakatazamana. Mwisho wa mwezi wanafanya usafi wa banda zima, kwa sababu ndiyo siku mwenye eneo anapopita kuchukua kodi yake. Meza zinasuguliwa, turubai linakung'utwa, na jiko linashikwa na wanaume wawili, linapinduliwa, majivu yanamwagika chini. Kesho yake linafunguliwa gunia jipya.

Mambo mawili yalikuwa yanafanyika siku moja, na shemeji alikuwa ameliona moja tu. Mkaa mpya unawekwa kwenye jiko tupu, unawaka kwa raha, muuzaji anasifiwa. Majivu yanajaa taratibu, moto unadhoofu, muuzaji anatukanwa. Anatafutwa mwingine, jiko linapinduliwa tena, huyo mwingine naye anaanza na sifa. Karakana yangu inaletewa visa vya namna hii kila wiki: mtu amebadilisha plagi na kubadilisha kituo cha mafuta siku moja, pikipiki ikipona anaapa kwamba ni mafuta.

Sasa tulitazame jiko lenyewe. Ni pipa la lita 200, lililokuwa la mafuta ya kupikia, limepasuliwa kwa urefu na kulazwa juu ya miguu ya engo laini, vile vyuma vya pembe. Pipa la namna hii lina urefu wa sentimita 88 hivi na kipenyo cha sentimita 57, kwa hiyo nusu yake ina kina cha sentimita 28 na ushei. Chini kabisa, kwenye mgongo wa pipa, fundi alitoboa mstari mmoja wa matundu ya hewa. Kwenye vitako viwili vya pembeni, yaani zile duara za kufunga ncha mbili za pipa, akatoboa matatu matatu, juu kidogo. Ndani akapanga nondo za milimita 10 za kubeba mkaa, sentimita 8 kutoka chini, pengo la vidole viwili kati ya nondo na nondo. Juu ya hapo ndipo unapolala wavu wa nyama.

Kosa la fundi ni moja, nalo ni kubwa: zile nondo alizichomelea pande zote. Hazitoki. Chini yake kuna chumba cha kupokea majivu ambacho hakina mlango. Majivu yanaingia kwa kupenya kati ya nondo na hayana pa kutokea, isipokuwa jiko lote lipinduliwe. Mafundi wengi tunafanya hivi na sijitoi. Unachomelea ili kazi ionekane imara, humfikirii mtu atakayeamka kesho yake kusafisha.

Nilichukua spoki ya baiskeli nikaisukuma kwenye matundu ya chini, moja baada ya jingine. Kati ya matundu kumi na mawili, tisa yaligoma. Nikaipitisha kutoka juu, kati ya nondo, mpaka ikagusa bati, nikaitoa na kupima alama ya jivu: sentimita 7 na nusu. Maana yake majivu yalikuwa yamebakiza nusu sentimita kuzigusa nondo. Na ilikuwa tarehe ishirini na kitu, wiki ileile ambayo daftari linalalamika.

Nikapiga hesabu kwa chaki juu ya meza. Kile chumba cha chini kinaingiza lita 18 na kitu, yaani debe moja pungufu kidogo. Mkaa mzuri wa miti migumu huacha jivu la asilimia 3 hadi 5 ya uzito wake, na zaidi ya hapo ukiwa na magome au mchanga. Shemeji anachoma kilo 8 hadi 10 kwa usiku. Kwa hiyo kila usiku anazalisha gramu 300, 400, hata 500 za jivu, na kwa wepesi wa jivu hilo ni kama kopo la lita moja. Lita moja kwa usiku, debe moja, siku kumi na nane. Wiki ya tatu ndiyo hiyo.

Shemeji aliuliza swali la haki: kama hewa imeziba, si mkaa ungewaka polepole na kudumu zaidi? Kwa jiko la chai la nyumbani, ndiyo. Lakini huyu anauza, hawezi kungoja. Mkaa wa chini unapofunikwa na jivu, yeye anaongeza mwingine juu ili apate joto. Ule wa chini hauungui wote. Unalala humo mzimamzima ukizungukwa na vumbi, na mwisho wa mwezi unamwagwa pamoja na majivu. Siku ile, jiko lilipokwisha kutolewa majivu, nilichekecha kilichotoka kwa kipande cha wavu wa dirishani. Nilipata karibu ndoo nzima ya mkaa wa kurudisha jikoni, vipande vya ukubwa wa kidole gumba na zaidi. Dada aliiangalia ile ndoo muda mrefu kuliko alivyoliangalia daftari.

Na ile ajabu ya ncha mbili kuwaka na katikati kulala ikajieleza yenyewe. Matundu ya mgongoni yakiziba, hewa inabaki kuingia kwa yale matatu matatu ya kwenye vitako, na mkaa ulio karibu nayo ndio unaowaka vizuri. Wa katikati unaishi kwa kupepewa.

Kulikuwa na jingine. Matundu mawili ya katikati hayakuwa yamezibwa na vumbi bali na kitu kigumu kama saruji, ambacho spoki ilikikwaruza tu. Nikauliza, "Mnamwagia maji?" Kijana akacheka. Kumbe usiku wakifunga, ili wawahi daladala, wanamwaga ndoo ya maji juu ya moto. Hapo yako makosa matatu kwa mkupuo mmoja. Mvuke unaomrukia mtu usoni ni wa kuunguza. Bati lenye moto likipigwa na maji baridi linajipinda, na la kwao lilikuwa limeshafanya tumbo. La tatu ndilo lililonihusu: jivu lina kalisi na potasiamu kwa wingi, likilowa linakuwa tope kali kama magadi, linachubua mikono, na likikauka kwenye tundu linashika. Tope hilo likichanganyika na chumvi inayodondoka kutoka kwenye kuku, halafu likakaa na unyevu usiku kucha, kutu inapata karamu. Kwenye mguu wa nyuma bati lilikuwa limebaki jembamba kama la kopo la maziwa.

Basi, dawa. Dawa ya kitabuni ni kuzikata zile nondo na kuzifanya za kuinua. Nilimshauri hivyo, akakataa papo hapo. "Shemeji, nondo zikiwa za kuinuliwa, kesho asubuhi ziko kwenye mizani ya chuma chakavu." Sikuwa na jibu. Jiko linalala nje, na mtaa ule ninaujua.

Ikabaki kulipatia jiko mlango, kisha kutafuta kitu cha kuingia mlangoni kutoa majivu. Fagio la chelewa sitalizungumza sana. Kijana alishalijaribu kabla yangu, likashika moto mkononi. Upawa haupiti kati ya nondo.

Mlango niliuchora kwa chaki kwenye kitako kimoja, chini kabisa, nikiacha sentimita moja tu kutoka kwenye ukingo ili pipa lisipoteze nguvu. Urefu wa kwenda juu sentimita 6, upana sentimita 33. Umbo lake ni kama kipande cha tikiti maji: juu mstari ulionyooka, chini upinde unaofuata duara la pipa. Umeme ulikuwa umekatika, kwa hiyo hapakuwa na grenda. Nilikata kwa tindo na nyundo. Bati la pipa halizidi sana milimita moja. Tindo kali inalikata kama unavyokata ukoko wa wali. Ilichukua kama dakika arobaini, na majirani wawili walikuja kuuliza kama kuna ugomvi.

Neno la tahadhari hapa, maana najua mtu atatoka akakate pipa lake leo. Hili lilikuwa limeshachomewa mkaa miaka. Pipa lililotoka kubeba petroli, dizeli au tina usilitie tindo wala grenda kwa sababu tu limekauka. Mvuke unabaki ndani na cheche moja inatosha. Lililokuwa la dawa za viwandani au za shambani lisiwe jiko la chakula kabisa.

Kifaa changu cha kwanza kilikuwa aibu. Nilichukua kipande cha fletibari, chuma bapa, cha sentimita 20, nikakifunga kwa waya wa kufungia nondo kwenye ncha ya nondo ndefu, mfano wa reki isiyo na meno. Nikakiingiza mlangoni, nikakivuta. Majivu yakaja, tena mengi, nami nikaanza kujisifu. Kisha nikachomeka spoki kwenye matundu: bado yamegoma. Nilikuwa nimesahau kitu ambacho mtoto wa shule angekiona. Bamba lililonyooka ukililaza kwenye sakafu ya duara linagusa pembeni mbili tu. Katikati linabaki limening'inia. Kwa pipa hili na bamba la sentimita 20, pengo la katikati linakaribia sentimita 2. Na katikati ndiyo njia ya matundu. Nilikuwa nasafisha kila mahali isipokuwa pale palipohitaji kusafishwa.

Nilikaa chini nikanywa maji. Kile kipande nilichokikata mlangoni kilikuwa miguuni pangu, kimelala kwenye vumbi, juu kimenyooka, chini kina upinde. Upinde wa pipa lilelile.

Sikuhitaji kupima chochote. Kilitoka kwenye ule mlango, kwa hiyo kinapita kwenye ule mlango. Kimekatwa kwa kufuata duara la lile pipa, kwa hiyo kinakaa kwenye lile duara. Nikakipunguza kidogo kingo kwa tupa kisikwame. Nikakitoboa matundu manne kwa msumari wa nchi nne juu ya gogo. Nondo ya milimita 10 nikaitia kwenye moto wa mkaa uleule unaosingiziwa, mpaka ikawa nyekundu, nikaikunja ncha iwe kama herufi L ya kiganja kimoja. Hiyo ncha nikaifunga kwenye bamba kwa waya, mara mbili mbili. Urefu wa mpini nikaupa mita 1 na sentimita 20: jiko zima, na ziada ya kumweka mshikaji mbali na joto. Mwisho wake nikachomeka kipande cha mpini wa jembe la zamani. Mpira au plastiki hapana, inayeyukia mkononi.

Nikasukuma hadi mwisho, nikaiinua kidogo, nikaishusha, nikavuta. Yalikuja majivu kama mchanga unavyokuja na wimbi. Mara nne. Spoki ikapita kwenye matundu kumi. Yale mawili ya saruji niliyazibua kwa kuyagonga na msumari kutoka nje, na hayakurudi kuwa mapana kama zamani.

Dada akatoka kutazama. "Hiki mnakiitaje?"

"Ni kijembe," kijana akasema, "kijembe cha majivu."

"Kijembe," dada akarudia, akimtazama mumewe. "Afadhali hiki cha bati. Vile vingine mzee wa watu alivila bure." Shemeji akajifanya hajasikia, akaenda kuhesabu mishikaki.

Kifaa hiki hakifiki kila mahali. Pipa lina mikunjo miwili inayolizunguka kama mikanda, na kwa ndani mikunjo hiyo ni mifereji. Kijembe kinapita juu yake na kuacha pete mbili za jivu. Kwa hizo tulikata kopo la nyanya, tukalikunja liwe kijiko chembamba, tukalifunga kwenye ubao mwembamba wa kasha la matunda. Linatumika mara moja kwa wiki, inatosha. Pia kijembe kinaacha utando mwembamba chini, unene wa kama ganda la chungwa. Shemeji alitaka mpaka bati ling'ae. Nilimzuia. Utando huo, ukiwa mkavu na matundu yakiwa wazi, unalikinga bati na makaa yanayodondoka, na jivu halipitishi joto kwa urahisi, kwa hiyo joto linabaki juu linakohitajika. Sufuria inang'arishwa, jiko la mkaa linaachiwa koti lake.

Ule waya wa kufungia ulilegea wiki ya pili kwa joto, kijembe kikaanza kucheza kama jino bovu. Nikaleta boliti mbili za milimita 6 na kuifua ile ncha ya nondo iwe bapa. Tangu hapo hakijalegea. Ningekuwa na umeme siku ya kwanza ningekichomelea na kumaliza. Nilifikiria pia kutumia bati la paa kwa kazi ya bamba, nikaliacha: lile lina zinki juu yake, na zinki ikishika moto mkali inatoa moshi unaomtia mtu homa na kutetemeka. Mchomeleaji yeyote aliyewahi kuupata hatausahau.

Saa ya kufanya kazi hii ni asubuhi. Usiku wa kufunga, shemeji anakusanya makaa yaliyobaki kwa koleo, anayatia kwenye debe la bati lenye mfuniko. Yanakosa hewa, yanazima, kesho yanawashiwa moto mpya. Asubuhi, kabla upepo haujaamka, kijana anajifunga kitambaa kibichi puani, anaingiza kijembe mara nne tano, majivu yanaangukia kwenye debe la pili lililowekwa chini ya mlango. Dakika tano. Zamani walihitaji wanaume wawili na nusu siku.

Majivu yenyewe yanakaa kwenye debe lile, limefunikwa, juu ya matofali mawili, siku nne ndipo yanatupwa. Sharti hili nililitilia mkazo kuliko yote, na sababu yake ilikuwa nyuma ya banda: alama nyeusi kwenye uzio wa makuti, upana wa mlango. Kijana alishawahi kumwaga majivu ya usiku kwenye lundo la taka, yakionekana yamekufa, meupe kabisa. Kufika alfajiri lundo lilikuwa linafuka na makuti yameshika. Jivu ni blanketi. Kaa lililofunikwa na jivu linaweza kuishi siku mbili, tatu, hata nne, likingoja upepo. Ukitaka kujua kama limekufa, usilitazame. Sogeza nyuma ya mkono juu yake bila kugusa.

Na hapo ndipo lilipojitokeza jambo ambalo hakuna aliyeniitia. Nilimuuliza kijana, jiko linalala wapi mvua ikinyesha? Ndani ya banda. Na wewe unalala wapi? Ndani ya banda, analinda vitu. Turubai linashushwa pande zote, mbu wasiingie. Jiko lile lina debe zima la majivu na makaa hai ndani yake, ambayo ndoo ya maji haiyafikii yote.

Nikaacha nyundo. Mkaa unaoungua kwa hewa ya kutosha unatoa kaboni dioksidi. Ukinyimwa hewa, kama unavyonyimwa chini ya majivu, unatoa kwa wingi ile nyingine, kaboni monoksidi, ambayo haina harufu, haina rangi, haina moshi wa kukuamsha. Inakamata damu mahali ambapo oksijeni ingekamata. Mtu anaanza na kichwa kuuma na kichefuchefu, anadhani ni malaria au uchovu. Akiwa usingizini haanzi na chochote. Jiko lililofunikwa na jivu ndilo baya zaidi kulala nalo, kwa sababu linaonekana limezima. Nilimwambia shemeji mbele ya dada kwamba kuku waungue, mkaa uibwe, lakini jiko hili lisivuke tena mlango wa banda likiwa na hata kaa moja. Hakubisha. Siku hiyo hiyo tulichimbia nondo ardhini nje, tukalifunga jiko kwa mnyororo na kufuli, na mvua ikinyesha linafunikwa bati.

Wiki ya kwanza nilidhani kisa kimekwisha, shemeji akanipigia simu. Sasa jiko linachoma mno upande mmoja. Nilikwenda jioni, nikakuta mlango niliokata unatazama kusini mashariki, na upepo wa kusi unaingia humo moja kwa moja kama mtu aliyealikwa. Nilikuwa nimewapa mlango wa majivu nikasahau kwamba hewa nayo inatumia mlango. Tukaligeuza jiko, mlango ukatazama ukuta. Nikaongeza kibati cha mfuniko wa debe, kinaning'inia kwa pete mbili za waya: usiku wa kazi kimeshushwa, wakati wa kuwasha kinainuliwa na kuegemezwa na jiwe. Kumbe kikawa na faida ambayo sikuipanga. Kikiinuliwa, moto unashika bila kupepea. Zamani kuwasha kulichukua dakika arobaini na zaidi. Sasa ni kama ishirini, na kijana anatumia mikono yake kukata kachumbari.

Katikati bado pamepoa kidogo kuliko ncha, kwa sababu ya yale matundu mawili. Shemeji amepageuza kuwa mahali pa ndizi.

Wavu wa juu tuliuacha kama ulivyo, ila nilimnyang'anya ile brashi ya waya aliyokuwa anausugulia. Nyuzi zake zinakatika, zinashika kwenye wavu, zinahamia kwenye nyama, na mtu akimeza moja anaweza kuishia kwenye kisu cha daktari. Kumbi la nazi linafanya kazi ileile, nalo linaokotwa bure.

Mwisho wa Agosti nilipita tena, nikaomba daftari kabla ya kuomba chai. Magunia yote ya mwezi yalikaa usiku sita sita, ukiacha moja lililokaa tano, na hiyo ilikuwa wiki ya harusi mtaani. Gunia la wiki ya tatu halikutofautiana na la kwanza.

Dada alikuwa ameshamtuma mtu kwa mzee wa Kisarawe, amwambie arudi. Alikuja nikiwepo. Alisimamisha pikipiki, akasalimia vizuri, akalizunguka jiko mara moja, akainama kuutazama mlango, akakishika kijembe, akakipima uzito mkononi.

"Kwa hiyo lilikuwa jivu," akasema.

"Lilikuwa jivu, mzee wangu," shemeji akajibu. "Tusamehe."

"Yamekwisha." Akakirudisha kijembe mahali pake, akaanza kufungua kamba za gunia. "Lakini bei imepanda."